Mshono Ulioruka

Saa nane na robo. Amu imelala,
isipokuwa punda wa Mzee Famau
anayekwaruza kwato kwenye kizingiti chetu
kama mtu aliyesahau funguo.
Nimelalia ubavu wa kushoto kwa kujisahau
na hapo ndipo linapokuja:
tu, tu, tutu
kisha hakuna.

Hakuna.

Kisha kishindo, kama kinu kimeangushwa chumba cha juu.
Na nyumba yetu haina chumba cha juu.

Mimi fundi wa cherehani. Miaka ishirini na sita
wanawake wa Langoni wananiletea mashine zao
wakisema, "Inaruka, Lali."
Sifungui kwanza. Nasikiliza.
Nazungusha gurudumu polepole, sikio karibu na chuma;
sindano ikipinda najua, uzi ukilegea najua,
na kama ni meno yamelika
nataja bei kabla sijashika bisibisi.
Hii iliyo kifuani
haina tundu la kutilia mafuta.

Daktari Wanza alinibandika waya kumi.
Moyo ukatulia, mnafiki mkubwa,
kama mtoto mtundu mbele ya mgeni,
mikono mapajani, shikamoo mdomoni.
Karatasi ikatoka na vilima vilivyolingana.
Nikataka kumwambia, njoo uusikilize usiku,
nikaona si neno la kumwambia mke wa mtu.

Mara ya pili nilivishwa kisanduku kilicholetwa kutoka Malindi.
Nikalala nacho kama redio iliyozimwa.
Mapigo ya ziada: elfu tatu, mia nane na kumi na moja.
"Ziada? Mbona mimi nasikia pengo?"
Akachora kwa kalamu nyekundu.
"Hili limewahi kabla ya zamu yake. Hulisikii.
Kisha moyo unangoja, unajaa.
Kinachokushtua ni lile linalofuata,
pigo la kawaida, limerudi na mzigo wa mawili.
Moyo wako mzima. Punguza kahawa."

Kahawa nimepunguza.
Hofu haiuzwi kwa kikombe.

Usiku mmoja nilijaribu kuutuliza kwa vina,
nane kwa nane, nikihesabu kwa vidole juu ya shuka:

Moyo wangu kwani mbio, usiku umetulia,
kama una kimbilio, nami nitakimbilia,
uniambie            mwenzio

Hapo hapo ukaruka. Kipande cha pili
hakikuja mpaka leo.

Esha anageuka. "Hulali?"
"Nilele," namjibu,
uongo tuliouzoea sote wawili.
Mkono wake unatafuta kifua changu gizani,
una harufu ya kitunguu na sabuni ya mche.
Tunangoja. Moyo umejua una mgeni,
unashona mstari ulionyooka,
kumi, ishirini, thelathini na

"Hilo?"
"Hilo."

Ananyamaza. Nadhani sasa atasoma dua,
au atasema kesho twende Mombasa.
"Kama teke la Aboud," anasema. "Ule mwezi wa saba.
Asipopiga naogopa, akipiga naogopa.
Nikikuamsha unasema, lala, mtoto mzima."
"Nilisema hivyo?"
"Ulisema, ukageukia ukutani."

Aboud sasa ana miaka kumi na tisa, yuko Mpeketoni,
hapigi hata simu.

Punda amekata tamaa, ameondoka.
Mkono wa Esha umekuwa mzito kifuani,
kalala yeye, kaniachia zamu.
Asubuhi kuna mashine ya Bi Thureya, nimeahidi saa tatu.
Naacha mapigo, nahesabu pumzi zake.
Inaingia. Inatoka. Inaingia.
Nazo pia, ukitega sikio la fundi,
haziko sawa.